Mwanafunzi Aliyekuja na Kiti Chake

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila Mama bado anagombana na goti lake, na mpaka sasa goti ndilo linaloshinda.

Umeniuliza mpaka naona aibu: nimeamua nini kuhusu kufundisha Kiingereza huko nje? Kweli nilikuwa njia panda. Kwako kuna baridi, lakini mpo ninyi, na chumba ulichokwisha kunipakia rangi. Ile nchi nyingine iliyoniita inatoa nyumba na tiketi, ila sina hata mtu wa kunichemshia maji nikiugua. Mama alisema niende popote, mradi nisirudi nimekonda. Basi nikachagua kwako.

Kwa kuwa huko ningefundisha wahamiaji, waajiri wakataka video yangu nikifundisha watu wasiojua kabisa. Shule zimefungwa, kwa hiyo nikawakalisha Mama na Baba sebuleni, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Mama alicheka mpaka nikamfukuza darasani. Lakini Baba! Fundi cherehani wetu alivaa koti, akanyoosha mkono kwa kila swali, hata yale ambayo sijayauliza. Video ikatoka safi.

Kesho yake nilikuwa naosha vyombo, Baba akaja na kiti chake akauliza kipindi kinaanza saa ngapi. Nikamwambia masomo yamekwisha, yalikuwa ya video tu. Akakiweka kiti chini, akakaa. Kisha akaniambia kwamba siku moja binti yako alimpigia simu akamweleza jambo refu, naye kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akamjibu kwamba ni vizuri sana, asante, akacheka. Jioni ndipo uliponipa habari kwamba mtoto amevunjika mkono. Baba anasema mjukuu wake alimlilia, naye akamcheka.

Nilijifungia chumbani nikalia, Kaka. Nikakukasirikia na wewe pia, maana ungemfundisha mtoto Kiswahili hata cha kuombea maji, tusingefika hapa.

Sasa nikwambie ukweli: sikutuma maombi. Muda wa kuyapokea umepita, na mwaka huu siji. Najua nimekuvunja moyo, na mimi mwenyewe inaniuma, maana nilitaka sana kuja. Baba anadhani nasubiri majibu. Tafadhali usimwambie. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, tunasoma. Anasahau haraka na anabisha sana, lakini hakosi kipindi.

Nisalimie wifi, na uwabusu watoto. Jumapili Baba atapiga simu. Usiongee wewe, mpe binti yako. Kitu cha kwanza Baba alichotaka kujifunza ni kumuuliza mtu anaumwa wapi. Nimemwambia mkono umeshapona, hasikii. Anataka kumuuliza hivyo hivyo. Mwambie mtoto ajibu polepole.

Mdogo wako akupendaye,
Kelele