Kiatu Kimoja kwa Kasi ya Thelathini na Tatu

Jumatano, 2 Novemba 1988

Tumepigwa redioni jana. Sitaki kuandika, lakini nisipoandika nitavunja kitu.

Tulikuwa jikoni kwa mama yake Lyndon, bendi yetu ya Mashangazi, sote watatu: Lyndon mwenyewe na gitaa mapajani, utadhani ataombwa kuitikia, Wilf wa besi, na mimi wa ngoma. Mama Lyndon alikuwa ameoka keki. Miaka sita ya kupiga muziki katika vyumba vya nyuma vya baa, siku nyingine watu kumi na wawili, siku nyingine mbwa. Na sasa mtangazaji anataja jina letu nchi nzima! Mashangazi, kutoka Hull, "Kiatu Kimoja". Mama Lyndon akanishika mkono.

Ikaanza. Polepole. Polepole mno. Sauti ya Lyndon, ile nyembamba inayokimbia, ikatoka nzito kama ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Santuri yetu ni ya kasi ya mizunguko arobaini na tano kwa dakika. Bwana yule aliiweka thelathini na tatu — na hakugundua. Aliiacha mpaka mwisho, kisha akasema mwaka huu hajasikia huzuni kama ile.

Ni wimbo wa furaha! Ni wimbo wa Jumamosi ile mimi na Lyndon tulipokimbilia basi Barabara ya Anlaby, kiatu changu kikachomoka, nikapanda na kimoja, tukacheka mpaka dereva akatishia kutushusha. Ndivyo tulivyoanza kupendana, yeye na mimi.

Kibandiko cha katikati hakina namba ya kasi. Crispin wa kampuni ya santuri alitaka iandikwe. Mimi nilitaka. Lyndon akasema namba itaharibu picha ya buli la shangazi yake, na mwenye masikio atajua mwenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa. Jana sikumwambia hivyo. Alitoka nje uani akasimama kwenye mvua bila koti. Mama yake akabaki anakata keki vipande ambavyo hakuna aliyekula.

Jumatatu, 7 Novemba

Crispin kapiga simu kutoka London. Barua zinamiminika. Maduka yanaagiza. Wilf alininyanyua akanizungusha palepale barazani.

Halafu Crispin akatusomea barua moja. Binti wa Aberdeen. Mchumba wake kamwacha, hapati usingizi, na sauti ya "yule baba" ndiyo inayombembeleza. Yule baba. Lyndon ana miaka ishirini na saba na shingo kama ya kuku. Wilf alicheka mpaka akakohoa. Lyndon hakucheka.

Wote wanaicheza thelathini na tatu, wote. Nikamuuliza Crispin kama amewaambia ukweli. "Niwaambie ya nini, dada? Mtu kapenda, mwache apende."

Jumapili, 20 Novemba

Tumerudi kutoka Leeds. Ukumbi ulijaa jana. Kwa mara ya kwanza maishani mwetu, ulijaa. Makoti meusi kutoka ukuta mpaka ukuta.

Tukaanza "Kiatu Kimoja" kwa kasi yake. Wakatazamana. Kijana wa mbele akapaza sauti: "Nyie, mnawahi wapi? Basi?" Watu wakacheka. Wilf akainama kwenye maikrofoni, akasema ndiyo, basi, ndio wimbo wenyewe. Hakuna aliyemwelewa.

Baadaye napakia ngoma, msichana mwenye wanja mzito kanifuata. Alikuwa na adabu zake zote. "Samahani dada, Mashangazi wenyewe wanapanda jukwaani saa ngapi?"

Lyndon alikuwa nyuma yangu. Alisikia. Njia nzima hadi Hull alikuwa anafuta kioo cha gari kwa mkono wa sweta, hata palipokuwa pamekauka.

Alhamisi, 24 Novemba

Nimeicheza thelathini na tatu.

Mchana, nimetoka kazini jikoni mwa shule, mikono bado inanuka kabichi. Nilitaka kujua tu. Pale ninapopiga ngoma moja peke yake, pale kiatu kinapoanguka, nilisikia mlango ukifungwa mbali. Na Lyndon anaimba "ngoja, ngoja" kama mtu anayejua hangojwi. Nikalia. Nikairudia. Nikairudia tena.

Mungu anisamehe, ni nzuri kuliko ya kwetu.

Jumapili, 27 Novemba

Lyndon alikuja kula. Nilichoma nyama, nikatengeneza mchuzi mzito anaoupenda. Alikuwa afadhali kidogo. Akasema tusikilize tena mwanzo wa gitaa, ana wazo. Akaweka santuri, akashusha sindano.

Yule baba akaimba.

Sikuwa nimerudisha swichi ya kasi. Mjinga mimi! Nikainuka, naye akanizuia kwa kiganja. Akasikiliza mpaka mwisho, amesimama, kijiko cha mchuzi mkononi.

"Hata wewe."

Nikasema nilikuwa najaribu tu. Akauliza, mara ngapi? Nikarudisha swichi arobaini na tano. Akakaa, akamaliza chakula, akaosha sahani yake na yangu, akaenda zake. Bora angetukana.

Alhamisi, 8 Desemba

Crispin amekuja kwa treni. Mama Lyndon akaagiza chipsi na samaki kwa wote, chipsi zimenyunyiziwa ile pilipili nyekundu ya unga ya kwetu Hull. Crispin wa watu akazikwangua na uma pembeni.

Anataka albamu nzima ya polepole. Lyndon hawezi kuimba chini hivyo, hata Crispin anajua. "Imba kawaida yako, kaka. Mkanda tutaupunguza kasi sisi."

Mama Lyndon akaweka kikombe chini. "Mwanangu ana sauti yake, kazaliwa nayo. Nani kakwambia ni mbovu?"

"Si mbovu, mama. Ila watu wanataka ile."

Nilimtazama Lyndon. Kataa, nilisema moyoni. Mfukuze huyu na viatu vyake vya London. Lyndon ndiye aliyegoma kuweka namba kwenye kibandiko!

"Sawa," Lyndon akasema. "Si kila mtu anaipenda? Hata wa nyumbani." Akanitupia jicho, mara moja tu, kisha akaomba siki.

Hajanisemesha tangu Jumapili ile. Nimekwenda mara mbili, mama yake kanifungulia mlango kwa aibu, kasema amelala.

Jumanne, 13 Desemba

Studio, Sheffield, juu ya duka la mazulia. Tumerekodi nyimbo nne. Tulipiga kwa kasi yetu ya siku zote, fundi akapunguza mkanda, tukakaa kusikiliza.

Hamna kitu.

Si huzuni. Si furaha. Ni mtu anasinzia. Crispin akamwambia fundi apunguze zaidi, kidogo, rudisha, ongeza mwangwi. Hamna. Mwishowe fundi akajikuna kidevu. "Ile ya kwanza kijana alikuwa anacheka huku anaimba. Isikilizeni. Leo hacheki."

Kumbe ndicho walichokuwa wanakililia. Yule binti wa Aberdeen, makoti meusi, mimi na mikono yangu ya kabichi: sote tulikuwa tunalilia furaha ya Lyndon iliyovutwa ikawa ndefu. Na sasa hanayo. Tumeimaliza.

Jumatano, 14 Desemba

Naandika kwenye kochi la korido. Asubuhi nzima wanamfurahisha Lyndon. Wilf kajivika sufuria kichwani. Crispin kanunua keki, kasimulia vichekesho vya wakwe. Lyndon anatabasamu kama mtu yuko kwa daktari wa meno, anaimba, wanapunguza. Usingizi mtupu.

Crispin kaja kukaa kando yangu. "Dada Noreen, wimbo wa kiatu si wako? Ingia mle umkumbushe. Vua kiatu, ruka, fanya lolote. Dakika tatu za furaha tu, mengine tuachie sisi."

Nikamwambia hanisemeshi.

"Basi ndiyo maana wewe ndiye wa kwenda."

Najaribu kukumbuka ni nini hasa kilituchekesha siku ile. Barabara naiona. Basi naliona. Lakini kila nikikumbuka, tunakimbia polepole, na kiatu kinachukua muda mrefu kuanguka.

Nimevua cha kushoto. Soksi imetoboka kidoleni. Taa nyekundu ya kurekodi imewaka, Crispin ananipungia niingie. Kupitia kioo cha mlango Lyndon ameniona. Ameona kiatu mkononi mwangu. Anavua hedifoni, taratibu, sikio moja, la pili —