Bibi anakatala kupaka dawa ya mbao

Tantine Anne-Marie wa redio, unisaidie, juu bibi yangu wa ndoa Bénite anaanza kunikosea heshima. Tuko na atelier ya kutengeneza milango huku Butembo, yeye njo anapakaka mbao ile dawa nyeusi ya kufukuza mududu, mu chumba ya nyuma, tunafunga kabisa juu bajirani banalalamika harufu, na simutesi, kila mangaribi namupatia maziwa kikombe muzima ya kusafisha kifua, tena Padri alibariki atelier, ata bidon ya dawa aliimwangia maji ya baraka. Mais inspecteur moja ya serikali akafika, eti autorisation ya ile dawa iko wapi, eti inaletaka cancer, eti mwenye hana ruhusa asiiguse, na étiquette, ile karatasi ya ku bidon, iko wapi, nikamwambia niliibandua juu ile picha ya kichwa ya maiti ilikuwa inaogopesha baclients. Akakataza kazi. Alipoenda tukaendelea. Sasa Bénite, damu inamutokaka mu pua kidogo tu, anasema haingii tena mpaka mimi nipake mbao moja, pourtant mimi siwezi, nikifika pa mulango tu kichwa inazunguka. Nifanye nini asikie bwana yake?

Zorobabel, Butembo

Baba Zorobabel, wasingya, asante sana! Kumbe dawa ya cancer ni maziwa, na bamunganga ba Beni na Butembo banahangaika bure. Na Padri, masikini, alikuja kubariki milango, hakujua anasaini autorisation.

Étiquette uliibandua juu uliisoma, papa. Wewe kichwa inazunguka pa mulango. Yeye unamufungia ndani, anatoka damu, unaita kidogo tu. Aibu!

Kesho asubui, mbele ya kufungua atelier, peleka Bénite ku hospitali, na uambie munganga jina ya ile dawa, hapana kumudanganya. Bidon uifunge. Usiimwange mu mutaro, na usiipatie mama wa kuuzisha kasiksi eti ataisafisha atiemo pombe, nawajua sana nyinyi. Halafu wende kwa inspecteur na miguu yako, donc uombe ruhusa, na akikatala tafuta dawa ingine ama utengeneze milango ya chuma.

Mais leo, ukimaliza kusikiliza hii redio, umuombe bibi yako musamaha. Umuombe kabla munganga aseme kitu.