Vibao Nilivyovipamba kwa Maua

Mpendwa Shangazi Dot,

Nijibu kabla ya Alhamisi tafadhali, maana nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe na papo hapo naona aibu kukaa mezani na wenzangu. Nimeolewa wiki saba zilizopita hapa Pokolbin, kwenye ukoo unaotengeneza mvinyo mweupe kwa kizazi cha tano sasa, na mume wangu Callum ni mzuri jamani, akirudi kutoka shambani na vumbi kwenye kope moyo wangu bado unadunda kama siku ya kwanza, na kila asubuhi ananiletea chai na mkate wa kuchoma alioukata umbo la moyo.

Mvinyo wetu wa zabibu za Semillon unaujua, ukiwa mchanga ni kama maji ya limau tu, lakini ukilala miaka ishirini unageuka rangi ya asali na kunukia mkate wenye siagi. Chupa za zamani hulala ghalani bila lebo ili ukungu usizile, lebo hubandikwa zikiuzwa, na vizibo vina jina la ukoo peke yake, kwa hiyo kinachotaja mwaka ni kibao cha chaki kinachoning'inia mbele ya kila shubaka. Chaki hiyo aliiandika Babu Merv, babu yake Callum, ambaye ana miaka themanini na minne na ndiye mwonjaji mkuu, bila neno lake pipa halifunguliwi.

Basi sherehe yetu ilifanyika humo ghalani, nami nilitaka papendeze, siku mbili kabla nikavishusha vibao vyote nikavipangusa kwa kitambaa kibichi, halafu nikaviandika upya kwa chaki za rangi, kila kimoja na shada la maua ya mikaratusi pembeni. Nilivikumbuka vyote isipokuwa viwili, cha 1986 na cha 1990, hivyo nilikisia kipi kikae wapi. Nikasema moyoni, vyote ni vya zamani, nani atajua?

Jumapili ya wiki mbili zilizopita ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Babu, na hapa kwetu siku hiyo chupa huvalishwa soksi ya kuchezea mpira ili isitambulike, Babu anaonja wa kwanza, anataja mwaka, halafu mtu anakwenda kusoma kibao cha shubaka ilikotoka. Hajawahi kukosea. Akaonja, akacheka, akasema, "Tisini. Mwaka wa mvua, tulivuna tukiwa na matope hadi magotini."

Callum akaenda kusoma. "Themanini na sita, Babu."

"Acha utani."

"Kibao kinasema hivyo, mzee."

Akaomba chupa ya pili, akaonja taratibu, akasema huu sasa ndio themanini na sita, na kibao kikasema tisini. Mama mkwe wangu Glenys akajaribu kuchekesha watu, "Mzee leo umekunywa chai ya moto ukaunguza ulimi, eh?" Hakuna aliyecheka. Babu akanigeukia mimi, Shangazi, kwa upole kabisa. "Binti, uliandika kama ulivyokuta?"

Nikasema, "Ndiyo, Babu." Wote walikuwa wananitazama na mimi ni mgeni pale.

Akaweka glasi chini. "Basi ulimi umeniaga," akasema, na kesho yake akampa Callum ufunguo wa ghala. Tangu hapo anakaa barazani na mbwa, hata mezani anakunywa maji tu, anasema mvinyo ni wa watu wanaoujua.

Wiki iliyopita nilikuwa naangalia picha za siku Callum aliponivisha pete humo ghalani, nikaona nyuma ya bega langu vile vibao viwili kwa mwandiko wa Babu. Nilikuwa nimevibadilishana nafasi. Alipatia vyote viwili! Nilimkimbilia Callum nikilia, akanikumbatia, akanibusu kwenye paji la uso, akasema, "Futa hiyo picha, mpenzi. Nimemsubiri mzee aachie kile kiti miaka kumi." Alhamisi mashine ya lebo inakuja, chupa zote za zamani zinauzwa, na kuanzia mavuno haya tutauza mvinyo ukiwa mchanga, jambo ambalo Babu alilikataa maisha yake yote. Callum anasema ni kwa ajili yetu, kwa ajili ya watoto wetu. Nampenda mno. Sijaifuta picha, ila nimemwambia nimeifuta. Nifanye nini?

Mke Mpya, Pokolbin

*

Mke Mpya,

Hongera kwa ndoa. Sasa futa machozi unisikilize.

Kupangusa vibao ni kosa la mtu anayetaka kupendeza, na hilo ningekusamehe kabla hujamaliza kueleza. Kukisia ulikuwa uvivu. Lakini mzee alikuuliza ana kwa ana, ukamjibu ndiyo. Ulimi wake, ambao haujawahi kukosea, ulimwambia ukweli, akauacha, akakuamini wewe. Anachokunywa sasa pale barazani ni hilo jibu lako.

Usiniletee habari ya ugeni. Yeye ndiye peke yake aliyekuita binti siku ile.

Na Alhamisi, watu wasiokujua watanunua chupa zenye mwaka wa uongo juu yake, na jina la ukoo wako mpya chini yake. Ukinyamaza, hiyo si bahati mbaya tena. Ni kazi ya mkono wako.

Fanya hivi. Kesho, Callum akiwa shambani, nenda barazani na hiyo picha. Usianze na maua wala na jinsi ulivyokuwa na furaha. Sema, "Babu, nilikudanganya. Ulipatia." Kisha nyamaza, akikufokea ufokewe. Akimaliza, mpe vile vibao viwili na kipande cha chaki, nyeupe, aandike mwenyewe. Kama ni mvinyo mchanga au mkongwe utakaouzwa, waamue yeye na mjukuu wake, wote wawili wakijua ukweli. Hilo si lako.

Usimwombe mumeo ruhusa kwanza. Mwambie baadaye, siku hiyohiyo, uso kwa uso, pamoja na kwamba picha hukuifuta.

Umenisimulia kope zake, chai yake na mkate wa umbo la moyo, nami nakuamini. Lakini mwanamume huyo alijua babu yake hajakosea, akamwacha akae na mbwa akiamini amekwisha, halafu akakubusu kwenye paji la uso. Likumbuke busu hilo vizuri kuliko yote. Nawe utazeeka katika nyumba hiyohiyo, na siku hiyo chaki itakuwa mkononi mwake.

Shangazi Dot