Njia Panda Yenye Jina Lako

Rafiki yangu,

Programu yetu ingali inafanya kazi. Kila asubuhi inayapangia maboza ya maji, yale malori ya matangi, safari zake, kutoka visimani hadi mitaa ya Kitengela, ikichagua njia yenye gharama ndogo kuliko zote. Nawaambia watu kwa fahari kwamba ni kazi ya wahitimu wawili waliokataa kukaa nyumbani wakisubiri kuajiriwa. Nasema wawili. Sijajifunza kusema mmoja.

Lakini tangu tukuzike kwenu, nyuma ya Isinya, maboza yamekuwa yakipotoka. Unaijua ile njia panda ambapo barabara ya udongo wa murram inaiacha lami kuelekea bomani kwenu. Uliipa jina lako kwa mzaha siku tulipokuwa tukichora ramani. Sasa programu inayapitisha maboza hapo, hata yale yenye wateja upande wa pili kabisa.

Unakumbuka ubishi wetu. Kila kipande cha barabara tulikipa uzito kulingana na mafuta, muda na mashimo yake. Wewe ulitaka vipande vingine vipewe uzito hasi, kwa hoja kwamba zipo njia ambazo mtu akizipita uchovu humpungua. Nilikujibu kwamba njia kama hiyo ikijirudia, mashine itaizunguka milele, kila mzunguko ikidhani imepata faida. Ukaniuliza, "Na wewe unavyozunguka kwa kina Nekesa, msichana asiyekutaka, unapata faida gani?" Nilicheka, nikaendelea kuchora ramani.

Basi nilitafuta uzito hasi kwenye njia panda yako, nikidhani uliuficha humo. Haukuwepo. Nikaiongezea gharama ambayo hakuna mashine yenye akili ingekubali kuilipa. Maboza yakaendelea kupita hapo.

Binamu yako Lemayian, ambaye huendesha boza kubwa, alinijia akataka nilifute jina. Simu yake, inayomwelekeza njia kwa sauti, hulitamka kila anapoikaribia njia panda, na kwenu jina la marehemu halitamkwi. Nilimhutubia kwa kirefu. Nilimweleza kwamba jina ni alama tu, na kwamba tungeiita njia panda hiyo Kitunguu, hesabu isingebadilika hata chembe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umesoma, sikatai. Lakini hiyo simu inamwita kila siku. Siku akiitika, utafanya nini?"

Akaapa kwamba ataacha kazi. Nami nikaenda kwa mama yako kumshitaki, nikiwa na hakika kwamba ningemshawishi. Yeyo, kama ulivyozoea kumwita mama, alinipa chai, akaniacha nimalize hoja zangu zote, kisha akanijibu pasipo hasira: "Mwanangu, sisemi hesabu yako ni mbaya. Nasema umwache alale."

Sikumtii. Siku iliyofuata nilipanda boza pamoja na Lemayian ili nithibitishe kwamba hakuna kitu. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, uwanda mtupu hadi upeo wa macho. Tulipoikaribia njia panda, simu ikalitamka jina lako kwa ile sauti ya mwanamke asiyemjua yeyote. Upepo ukakatika. Ng'ombe waliokuwa wakila nyasi kando ya barabara wakainua vichwa kwa pamoja, wakatutazama. Lemayian akasogea taratibu hadi bega lake likagusa mlango. Nami, rafiki yangu, niliyekuja kuthibitisha, nilisogea upande wangu. Tukasafiri hivyo mpaka tukairudia lami, kila mmoja akijibana kwenye mlango wake, nafasi ya katikati ya kiti tumeiacha wazi. Hakuna aliyeigusa.

Naweza kubishana na Lemayian, na hata na Yeyo, Mungu anisamehe. Siwezi kubishana na mwili wangu. Haukuniuliza; ulikupisha.

Ndipo nilipojua kwa nini nililing'ang'ania jina lile. Kwenu wamelinyamazia, na chuoni wamelisahau. Mashine peke yake ndiyo iliyokuwa ikikuita, nami nilikuwa nikiwafanya madereva wa watu wanibebee huzuni yangu bila kuwaomba ruhusa.

Leo asubuhi nimelifuta. Njia panda sasa ina namba tu; uzito na barabara nimeviacha vilevile. Maboza yakiacha kupita hapo, elimu yangu haina maelezo. Yakiendelea kupita, Yeyo hana maelezo. Vyovyote iwavyo, kuna ubishi ambao sitautafutia mshindi.

Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi sitakuita tena kwa jina, wala sitaruhusu chochote nilichokiunda kikuite. Nitakapozidiwa na hamu ya kuzungumza nawe nitasema "rafiki yangu" kama hivi, kwa sauti ndogo. Nawe, tafadhali, usiitike.