Mfuko Niliomfungia Nsimire

Maman,

Leo ni siku ya pili tangu watoto wa parokia waende kambi huko Kabare. Mimi nimebaki hapa nyumbani, Kasha, na mdogo wetu Bahati. Amelala, maharage yako motoni, na mvua inanyesha tangu asubuhi. Nina jambo la kukuungamia. Padri nimekwisha kumwambia, lakini Padri hamjui mdogo wangu Nsimire kama unavyomjua wewe.

Tangu tukuzike, miezi sita sasa, kazi zako zimenijia moja moja bila mtu kusema neno. Kwanza Bahati mgongoni. Halafu unga, kuni, nguo za Papa za kiwandani. Shuleni naenda bado, ila kengele ikilia narudi mbio, na wenzangu wameacha kuniuliza kama nitabaki kucheza. Sijakatazwa kitu, Maman. Ndiyo maana sijui nimlalamikie nani. Siku nyingine nasimama katikati ya nyumba na ufagio mkononi, najiona kama yule kuku uliyemfunga mguu kwenye kitanda siku ya Noeli. Alikuwa anatembea vizuri tu, anafika mlangoni, anarudi.

Mwezi uliopita Yaya Zawadi, yule dada mkubwa anayeongoza kikundi cha parokia, alikuja kuniomba nichague vitu vya kambi kama ulivyokuwa unachagua wewe. Tukashuka pamoja sokoni Nyawera. Kulikuwa na blanketi nene jekundu ambalo kila mtu angelitaka. Mimi nikamwomba muuzaji anipe maji nililowanishe pembe moja, maana ulinifundisha kwamba blanketi la kambi halipimwi likiwa kavu. Akaniuliza kama nimekuja kununua au kufua. Pembe ilikunywa maji ikawa nzito kama jiwe, basi tulichukua yale membamba ya kijivu. Viatu nilichagua vya mpira, vikubwa kidogo, ili soksi mbili ziingie. Turubai nililiinua juani nikatafuta matundu, kona kwa kona, na Yaya Zawadi akacheka, akaniita mwananchi kama mtu mzima: "Citoyenne, unafanana na mama yako mpaka mikono." Nililikunja turubai upesi. Ningelia palepale sokoni.

Jioni hiyo Papa alisema, bila kuinua macho kwenye sahani, "Mumoja ataenda kambi, mumoja atabakia na Bahati. Musikilizane." Jirani humshika mtoto tukiwa shuleni, lakini siku tano mfululizo hawezi.

Nsimire ana miaka kumi na mmoja na hajawahi kwenda. Mimi nimekwenda mara tatu, zote pamoja nawe. Haki ilikuwa wazi. Lakini nilizitaka siku hizo tano, Maman. Siku tano za kuamka bila kusikia jina langu likiitwa kutoka kila chumba. Nilizitaka mpaka nikaona aibu.

Nikasema tuamue kwa kipimo chako. Unakikumbuka: mtoto anavaa mfuko wake wa kambi mgongoni, anapanda kutoka mtoni mpaka mlangoni kwetu, na akifika anasali Salamu Maria moja bila kukatika. Pumzi ikimwishia kabla ya Amina, ulikuwa unapunguza kitu kwenye mfuko wake, naye anashuka kujaribu tena. "Mutoto habebake muzigo na mabega," ulikuwa unatuambia. "Anabebaka na pumzi."

Mfuko wa Nsimire niliufunga mimi. Chini kabisa niliweka chungu cha chuma cha kikundi, kile ambacho wasichana wawili hukibeba kwa kupokezana. Juu yake nikaweka blanketi, nililokuwa nimelichovya majini. Nikakaza kamba vizuri, kama ulivyonionyesha.

Nsimire alipanda na mfuko huo. Majirani walimcheka njia nzima, "Nsimire, unahamia Goma na nyumba yote?" Hakucheka nao, alikuwa anatunza pumzi. Akasimama wima mbele yangu, akaanza kusali. Ikakatika katikati. Akaanza upya, ikakatika mahali palepale. Nilingoja aseme kwamba mfuko ni mzito, nami ningeufungua. Badala yake akasema, "Yaya, ni mimi niko na pumzi kidogo. Utaenda weye." Akauvua, akamchukua Bahati, akaanza kumwuliza kama atakubali kulishwa naye.

Wewe hukuwahi kumpima mtoto ili abaki nyumbani. Ulitoa sabuni, ukatoa kopo, ukatoa hata soksi, mpaka mfuko ukamfaa akaenda. Mimi nilichukua kazi ya mikono yako nikaigeuza.

Asubuhi iliyofuata nilitoa chungu, nikaanika blanketi, nikamwambia ajaribu tena. Nilisema nilikosea kufunga. Ni hilo tu nililoweza kusema. Alipanda, akasali mpaka mwisho, kisha akaongeza sala ya pili ili nimwone. Juzi aliondoka na wenzake, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilifurahi kwamba hakugeuka. Nilirudi ndani nikakaa juu ya kitanda chako mpaka Bahati alipolia.

Akirudi nitamwambia kilichokuwa ndani ya mfuko, na kwa nini. Pengine hataniamini tena kwa muda. Na Papa nitazungumza naye Jumapili, akishakula. Nimegundua kwamba sijawahi kumwambia kuwa nataka kitu. Ninangoja aone mwenyewe, na yeye labda anadhani sina shida. Nitasema: Papa, likizo kubwa ninaomba kwenda kambi mimi. Anaweza kukataa. Lakini atakuwa amesikia.

Pumzika, Maman. Mvua inapungua, na kwenye turubai lao sikuona tundu hata moja.

Bahati ameamka. Ananiita Mama. Kila siku namwambia, "Hapana, mimi ni Yaya, dada yako," naye ananitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha. Nakuahidi sitachoka kumrekebisha.

Mtoto wako,
Nabintu