Picha Safi ya Baba Neema

Jumatatu, 4 Machi 2013. Hospitalini
Nimemgeuza, nimempaka mafuta mgongoni, nimemfuta mate. Uji unapita kwenye mpira wa puani. Mume wangu hasemi, hatikisi hata kidole. Macho tu. Leo picha ya kichwa imetoka. Safi, hakuna damu. Nikamshukuru Mungu. Haraka mno.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji Lazaro kafika kutoka Ihanda na wazee wa ukoo. Wameielekeza picha dirishani. "Hamna kitu humu," akasema. "Kama si ugonjwa, basi ni mtu." Akanitazama mimi. Mimi niliyechuma kahawa na huyu mume tangu usichana. Wanataka kumtoa hospitali, wampeleke kwa mganga kule Isongole. Atafia njiani.

Alhamisi, 7 Machi
Wameongea juu yake kama juu ya gogo. Kaburi likae wapi. Mimi nirithiwe na nani. Lazaro akacheka: "Mama Neema bado analima vizuri, tusimwachie mtu wa nje." Baba Neema akatokwa machozi. Mzee mmoja akasema ni pepo analia. Nimewachukia. Bwana anisamehe, au asinisamehe.

Jumapili, 10 Machi
Sikwenda kanisani, wangembeba nikiwa sipo. Nimesoma Zaburi hapa hapa. Kwenye amina alifumba macho. Nikarudia. Akafumba tena. Nimemwita daktari, binti mdogo tu. Hakunicheka. "Baba, kama unanisikia tazama juu." Akatazama juu.
Daktari kasema mashine ile ya kwanza haioni vizuri shina la ubongo. Twende Dar, kwenye mashine ya sumaku, MRI.
"Hata kuku anapepesa, shemeji," Lazaro kaniambia. Nikamjibu: picha ndiyo iliyonihukumu, picha nyingine iamue. Kakubali, mradi aione mwenyewe.

Jumanne, 19 Machi. Dar
Mashine inagonga kama fundi bati. Daktari katuonyesha doa jeupe kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya shingo. Mshipa umeziba. Kiharusi cha nadra: kimefunga mwili na ulimi, kimeacha akili.
Lazaro akauliza kama alikuwa anasikia.
"Kila neno."
Akatoka nje. Mimi nikauliza kama atapona. Daktari akasema tusitegemee sana.

Ijumaa, 12 Aprili. Nyumbani
Lazaro kaja na sukari na sabuni. Kapiga magoti kando ya kitanda, kaomba msamaha. Nikamuuliza Baba Neema kama amemsamehe. Juu ndiyo, chini hapana.
Mume wangu katazama chini.
Nilijua imenipasa kumsihi asamehe. Nikamimina chai.