Tumekuwa Wengi Mwadutu

Mwadutu, Bariadi

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Nakuamkia kwa magoti kama ningekuwa hapo uani kwako Sengerema. Goti lako linaendeleaje na ubaridi wa ziwani? Unaweza sasa kufika kanisani kwa miguu, au bado kaka anakupakia kwenye baiskeli? Nakuombea katika kila fungu la rozari. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Limi yuko shuleni, wadogo zake wanakula vizuri, na mkweo Masanja ni mzima, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Ningepiga simu, lakini simu ya kaka unaijua, inawekwa sauti kubwa na majirani wote wanasikia. Hili nililo nalo si la majirani. Katekista wetu anakwenda semina Mwanza, ameniahidi kukufikishia barua kwa mkono. Akusomee wifi peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Mama, siku hizi sikai. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Naanza rozari, nafika katikati, nasahau nilikuwa tendo gani, naanza tena. Nikikaa kuchambua mboga nainuka kabla sijamaliza, na nikiinuka sijui nilikuwa nakwenda wapi.

Kwa kuwa hujawahi kufika huku, acha nikuonyeshe kwanza tunapoishi, ndipo utanielewa. Ukitoka Bariadi mjini unaelekea mashariki, upande wa porini kwenye wanyama. Barabara inakuwa njia, na njia inakuwa ya ng'ombe. Kitongoji chetu kiko juu ya mgongo wa ardhi ya kichanga, chini yake ni mbuga ya udongo mweusi ambako tunalima pamba, choroko na mpunga kidogo. Mvua ikinyesha udongo ule unakuvua viatu. Upande wa kaskazini kuna majabali makubwa, na nyuma ya majabali iko ngitili, ile sehemu ya nyasi tunayoifunga ili ng'ombe wasikose kiangazi. Mto wetu una maji wakati wa masika tu. Ukikauka tunachimba mchanga kwa kata, maji yanajikusanya taratibu, na wewe unakaa na ndoo yako unasubiri kama unasubiri mtoto alale.

Tulipohamia, ilikuwa unaona boma moja hapa na jingine kule, kila moja na ua wake wa minyaa, na ukitaka chumvi kwa jirani unaenda nusu ya asubuhi. Sasa boma linalishika boma. Wamekuja watu wa Maswa waliogawana mashamba ya baba zao yakaisha. Wamekuja wengine kutoka Meatu na mifugo yao. Tuko Wakatoliki, wako Waprotestanti, wako na wazee wasiosali popote ila kwa mababu zao, na wote tunagombania kisima kimoja cha mchangani. Mwaka huu wanawake wawili walipigana hapo kwa ndoo.

Basi wakaja watu wa maji wa wilaya kusema watachimba kisima cha pampu, ila kitongoji kitakachopata ni kile chenye watu wengi. Mtendaji wa kijiji, binti mmoja mchangamfu aliyetoka Dodoma, akapita boma kwa boma kuuliza. Hapo ndipo tulipoharibu. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtoto hahesabiwi kwa mdomo, wala ng'ombe, ni kumwitia mabaya. Sasa huyu binti akamkuta Masanja zizini.

"Shikamoo mzee. Watoto wako wangapi?"

"Marahaba. Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wale Mungu aliotupa."

"Na ng'ombe je?"

"Na wenyewe wanakula."

Binti akacheka mpaka akashika mti wa zizi. "Mzee, nikienda wilayani niwaambie watu wa huku wapo na wanakula?"

"Waambie hivyohivyo. Ni kweli."

Kila boma lilijibu namna hiyo, kwa hiyo akaandika wale aliowaona kwa macho, na mchana ule watoto walikuwa shule, vijana machungani, wanawake mtoni. Mwadutu tukaonekana wachache kuliko kitongoji cha ng'ambo. Kisima kikawa kinaelekea kwao.

Tulipokutana jumuiya ya wanawake baada ya sala, kila mtu alilaumu wanaume. Mimi ndiye niliyesema, mama, nami sasa naukumbuka mdomo wangu kila nikinawa uso. Nilisema, "Watoto hatuhesabu, sawa. Choroko je? Nani alikatazwa kuhesabu choroko?" Kila nyumba ilete punje moja kwa kila mdomo unaokunywa maji, tutie zote kwenye kibuyu bila kusema neno, mtendaji ahesabu punje zake mwenyewe. Jirani yangu, yule mcheshi niliyekusimulia, akasema, "Veronika, kwa akili hiyo ungekuwa mwanaume tungekupa uongozi wa sungusungu, ulinde kijiji kizima." Hata wazee wa mababu wakakubali. Mmoja akasema, "Choroko ni choroko tu."

Nilipokuwa natoa punje za nyumba yetu, mkono ulichukua na ya Emanueli wangu, aliyelala nyuma ya minyaa. Nikaishika kidogo. Kisha nikairudisha kwenye gunia, kwa kuwa yeye hanywi.

Mtendaji alirudi, akamwaga kibuyu juu ya ungo mbele ya kanisa. Mama, ungo ulijaa ukafunikwa. Watu wa maji wamekubali, kisima kitachimbwa kwetu, na wanawake waliimba mpaka sauti zikakauka.

Masanja hakuimba. Alisimama anautazama ule ungo. Kesho yake asubuhi nilikuwa nashika ndama yeye akikamua, akaniambia bila kunitazama.

"Mama Limi, uliuona ungo?"

"Niliuona."

"Wote wale wanakunywa hapa?"

"Ndiyo maana tumepewa kisima."

"Na kila punje ina ng'ombe nyuma yake. Kisima kikifika watakuja wengine. Watajenga kwenye ngitili. Hawa wangu watakula nini, pampu?"

Akaendelea kukamua, halafu akasema tunahamia Lindi. Mdogo wake yuko kule na mifugo. "Kule mtu anaamka hasikii jogoo wa jirani."

"Mimi nataka kumsikia," nikamwambia.

"Utanunua wako."

Amekwisha kuongea na wenye malori Bariadi. Pamba ikishapimwa tu, ng'ombe wanapakiwa. Simsemi vibaya, mama. Hanipigi, halewi, na ng'ombe kweli wamekonda, mbavu zao unaziona ukiwa mbali. Kiangazi kilichopita alishinda mtoni akichota maji ya kunywesha mpaka mikono ikatoka damu. Anachokiona mimi pia nakiona. Lakini Limi anamaliza shule ya msingi. Padre ametuahidi kwamba kigango chetu kitapata misa kila mwezi. Na kaburi la nyuma ya minyaa nani atalipalilia majani? Huku nikisikia unaumwa, napanda basi asubuhi na jioni nakuona. Lindi sijui hata iko upande gani wa jua.

Nimeomba sana, na Mungu hajanijibu ila kunikumbusha wewe. Unajua Masanja anavyokuheshimu. Akikuona njiani anaingia porini kukupisha, na jina lako likitajwa anavua kofia hata akiwa ndani. Kaka zake wamesema naye, katekista amesema naye, amewasikiliza kama anavyosikiliza mvua juu ya bati. Neno la mama mkwe hawezi kulikanyaga. Mwite kwa simu ya kaka, watu wakiwa wametoka, umwambie. Lakini usiseme tubaki kwa sababu mimi nalia. Lipime kwanza. Kama wewe unaona ng'ombe ndio maisha ya watoto hawa na twende, mwambie twende, nami nitafunga vyombo bila kununa. Nitakalolisikia kwako nitalishika. Kinachonimaliza ni huku kukaa katikati.

Nisalimie kaka, na wifi anayekusomea, namwomba asilie hapo, asome mpaka mwisho. Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi anayepamba altare. Mwambie mama wa ubatizo wangu kwamba kitenge chake bado nakivaa Jumapili.

Pamba imeanza kupasuka, mama. Katekista atakaa Mwanza wiki nzima, na akirudi atapitia tena kwako. Tafadhali nijibu upesi, kabla hajaondoka huko.

Mimi binti yako,
Veronika, mama Limi